Deni la Mpelelezi na Siri ya Wapendanao

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wasomaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Nakushukuruni kwa kunialika. Niliombwa nizungumzie riwaya nilizozisoma katika miezi ya karibuni, za upelelezi na za mapenzi, na nikaambiwa kwamba hapatakiwi mhadhara wa chuo kikuu, yanatakiwa maoni ya msomaji. Sharti hilo nimelipokea kwa furaha, kwa sababu mimi ni msomaji tu, na riwaya hizi ndizo ninazozisoma usiku majirani wakiwa wameshazima taa. Wasomi wamezoea kuziita riwaya pendwa, na baadhi yao hulitamka jina hilo kama mtu anayeulizwa habari za ndugu yake aliyeishia ulevini: hamkani, lakini angependa mazungumzo yahamie kwingine. Leo naomba yasihamie.

Ninalo dai moja, na nitalitoa mapema ili anayetaka kulipinga ajiandae. Riwaya ya upelelezi na riwaya ya mapenzi zote mbili zinaishi kwa siri, ila siri zenyewe hazitunzwi kwa namna moja. Siri ya upelelezi ni deni: mwandishi akishatuwekea maiti sebuleni, au barua isiyo na jina, au mtu aliyetoweka usiku wa kuamkia harusi yake, amekopa subira yetu, na hana budi kuilipa yote kabla ya ukurasa wa mwisho. Siri ya mapenzi hailipwi hivyo. Mwandishi anayetufafanulia mpaka chembe ya mwisho ni kwa nini huyu alimpenda yule, huku akitupangia sababu moja baada ya nyingine, hukiua kile kitu alichokusudia kutuonyesha. Nikitazama vitabu vilivyonichosha mwaka huu, naona vingi vimefanya kinyume kabisa: vya upelelezi vimeacha maswali yakining'inia, na vya mapenzi vimejibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Nianze na mzee wetu. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na kabla ya kuingia katika uandishi wa habari mwaka 1948 alifanya kazi ya ukaguzi wa afya. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau katika miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Nimeirudia mwaka huu baada ya miaka mingi, nikiwa na hofu kidogo, maana vitabu vya ujanani vina tabia ya kunywea. Hiki hakikunywea. Maiti ya mtu mwenye mali inakutwa penye mzimu, na watu wa pale, kama ambavyo watu wa popote wangefanya, wanaangalia kwanza upande wa mizimu. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake. Si askari, hana cheo, hana bastola. Alicho nacho ni macho na tabia ya kutoridhika na maelezo ya mwanzo. Pembeni yake yupo Najum, rafiki yake, ambaye kazi yake kubwa ni kuuliza yale ambayo sisi wenyewe tungeuliza, na Inspekta Seif, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kukamata.

Ninachokipenda zaidi katika kitabu hicho ni adabu yake mbele ya imani za watu. Abdulla hawacheki wanaoogopa mzimu. Anauacha uogopwe, anauacha uwe na giza na miti yake, kisha anatuonyesha kwa utulivu kwamba mkono uliofanya kazi pale ni wa binadamu mwenye damu na tamaa. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa mtunzi wa hadithi za namna hii, aliandika kanuni kumi za riwaya ya upelelezi, na mojawapo inakataza kabisa kutumia nguvu zisizo za kawaida kulitatua fumbo. Abdulla aliitii kanuni hiyo mahali ambapo kuitii kulikuwa na uzito mkubwa kuliko Uingereza, kwa sababu wasomaji wake wengi walikuwa na mzimu wao waliouheshimu, na walikuwa tayari kabisa kuukubali kama jibu.

Hata hivyo, mapenzi yangu kwa Bwana Msa hayanizuii kumdai. Mara nyingi ufumbuzi wa Abdulla umelala ndani ya nasaba: nani alizaliwa na nani, nani alilelewa kwa jina lisilo lake, nani ni ndugu wa nani bila kujijua. Unafika kurasa za mwisho, watu wamekusanywa, Bwana Msa anawasha kiko, na hapo inatoka hotuba ndefu kuliko hii yangu, yenye ndoa na talaka na watoto wa nje ambao msomaji hakuwahi kuwekewa karibu kiasi cha kutosha. Deni linalipwa, siwezi kusema halilipwi. Lakini linalipwa kwa fedha iliyokuwa imefichwa chini ya godoro, na mimi napendelea ile iliyokuwa mezani muda wote. Nilichukua karatasi na kuchora ukoo mzima kwa kalamu ya risasi ili nifuate maelezo ya mwisho. Sikuchukia kazi hiyo, lakini riwaya isiyosomeka bila kalamu ya risasi imemwachia msomaji kazi ambayo mwandishi angeifanya mwenyewe.

Kwa fedha iliyoko mezani, sijaona mfano mkubwa kuliko The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, ya mwaka 1926. Tajiri wa kijiji anachomwa kisu ndani ya chumba chake cha kusomea. Ndani ya chumba hicho mna kiti kikubwa, na mtumishi wa nyumba anakumbuka kwamba usiku ule kilikuwa kimevutwa kutoka mahali pake, ilhali polisi walipofika kilikuwa kimesharudishwa. Kiti tu. Hakina damu, hakina alama ya mkono. Mpelelezi Hercule Poirot anaking'ang'ania, wengine wanachoka naye, na msomaji naye anachoka, na huko kuchoka ndiko mwandishi alikokukusudia. Kitabu kilipotoka, wapo wasomaji waliolalamika kwamba wamechezewa. Sitasema kilichowaudhi ni nini, maana naona hapa vijana ambao bado hawajakisoma, na kuwaharibia itakuwa dhuluma. Nitasema tu kwamba nilipomaliza nilirudi nyuma nikaisoma upya sura moja, sentensi kwa sentensi, nikitafuta uongo, na sikuupata. Kila kitu kilikuwa kimesemwa. Ni mimi niliyekipita.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, niliisoma kwa haraka, na nadhani iliandikwa isomwe hivyo. Inspekta Wingo ni askari wa kazi, na simu inapolia katika kitabu kile unajua mauti hayako mbali. Kitabu ni chembamba, kina kasi, na hakina maneno ya kujaza nafasi. Kuhusu riwaya za Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na za Joram Kiango wa Ben Mtobwa, nitasema machache. Hizo ninaziona kuwa riwaya za mbio zaidi kuliko za fumbo. Adui anajulikana mapema, na swali lililobaki ni kama shujaa wetu atafika kwa wakati. Nimezifurahia, hasa Mtobwa anapoandika juu ya usiku wa mjini, lakini sizihesabu katika madeni ninayoyazungumzia, maana hazikukopa kitu.

Sasa nigeukie jambo ambalo najua litawagusa baadhi yenu, kwa kuwa nawaona mkizisoma hata kwenye daladala: hadithi za mfululizo zinazotumwa kwenye simu. Sizidharau hata kidogo. Zimewafanya watu ambao hawajawahi kuingia duka la vitabu wasome kila siku, tena kwa Kiswahili, na mtunzi mwenye kipaji anaweza kulipwa bila kusubiri mchapishaji anayemwambia kila mwaka kwamba mswada wake unapitiwa. Nimefuatilia moja tangu mwanzo. Msichana wa Mikocheni anapokea barua isiyo na jina. Kaka yake anatoweka wiki hiyohiyo. Mfanyakazi wa ndani anaonekana akichoma kitu nyuma ya nyumba saa nane za usiku. Ninyi mngeacha kusoma? Sehemu ikafika mahali mlango unagongwa, msichana anauliza nani, na hapohapo ikakatika, chini yake "itaendelea", na chini ya hilo namba ya kutuma pesa kwa anayetaka sehemu zote zilizobaki. Nikatuma. Mlango ulifunguliwa, aliyegonga akawa mchumba mpya mwenye gari jeusi, na kuanzia hapo ile barua haikutajwa tena. Kaka alirudi akiwa mzima na maelezo ya sentensi mbili. Kilichochomwa nyuma ya nyumba mpaka leo sikijui, na sasa naamini kwamba hata mtunzi hakijui.

Wapo watakaosema kwamba lawama iko kwenye mtindo wenyewe wa kuuza hadithi vipande vipande. Sikubali. Mwaka 1868 Wilkie Collins aliichapisha The Moonstone kwa mfululizo katika jarida la Charles Dickens, na wasomaji wake walisubiri kila toleo kama tunavyosubiri sisi. Almasi imeibwa, na Sajini Cuff anaona alama ndogo kwenye mlango uliokuwa umepakwa rangi mbichi, mahali ambapo nguo ya mtu imeparuza. Anataka kujua ni nguo ya nani. Swali hilo moja linaubeba mzigo wa kitabu kinene, na linajibiwa. Collins alijua nguo ni ya nani kabla hajaupaka mlango rangi. Watunzi wetu wa simu wanaweza kuuza vipande wapendavyo. Ninachowaomba ni kwamba kabla hawajamfanya mtu achome kitu saa nane za usiku, wajue wao wenyewe anachoma nini.

Na mapenzi katika hadithi hizo? Hapo ndipo maelezo yanapomwagika. Msomaji hukutana na msichana na mvulana wanaotazamana kwenye foleni ya benki, na kabla foleni haijasogea ameshaelezwa rangi ya ngozi, urefu, elimu, mshahara, tabia, historia ya malezi na sababu zote zilizoufanya moyo udunde. Baadaye, mmoja akikosea, adhabu huja haraka, ama maradhi ama ajali ya gari, na mara nyingi shangazi fulani hupewa aya nzima ya kutueleza tumejifunza nini. Fasihi yetu imelelewa na utenzi na mawaidha, nalifahamu hilo na siuonei haya urithi huo. Lakini mawaidha yana mahali pake, na kitandani mwa watu wawili wanaopendana si mahali pake.

Kitabu kilichonifanya nilifikirie jambo hili kwa makini ni Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyotoka mwaka 1938, nami naomba nikae nacho kidogo, kwa kuwa ndani yake fumbo la kifo na fumbo la mapenzi yamewekwa bega kwa bega na kila moja limetendewa haki yake. Msimulizi ni msichana maskini anayelipwa kumfuata bibi tajiri, mpenda umbea, katika hoteli ya Monte Carlo. Huko anakutana na Maxim de Winter, mjane mwenye jumba maarufu la Manderley. Kwa muda mfupi wanatembea pamoja kwa gari, kisha bwana yule, wakati wa kifungua kinywa, anamwambia wafunge ndoa. Hasemi kwamba anampenda. Msichana mwenyewe analigundua hilo baadaye, akiwa peke yake, na sisi tunaligundua pamoja naye.

Kuna mahali pale ambapo nilikifunga kitabu kwa kitambo. Maxim yuko chumba cha pili, anamweleza yule bibi habari za uchumba. Msichana amebaki na kitabu cha mashairi alichoazimwa na Maxim, na katika ukurasa wa mbele pameandikwa kwa mkono wa mke aliyekufa, kwa herufi kubwa za mlazo. Anachukua mkasi mdogo, anaukata ukurasa ule vizuri, anauchana vipande, anavitupa ndani ya kapu la taka na kuviwasha kiberiti. Herufi ya mwanzo ya jina la Rebecca ndiyo ya mwisho kushika moto. Mwandishi hasemi kwamba msichana ana wivu, hasemi anaogopa, wala hasemi kwamba amejiona mshindi kwa dakika moja. Tunapewa mkasi na kiberiti, basi.

Upande wa upelelezi, du Maurier hana huruma na deni lake. Meli inakwama karibu na pwani penye ukungu, mzamiaji anatumwa chini kuangalia ilivyoumia, na huko chini anakuta kitu kingine kabisa ambacho hakikutakiwa kuwapo. Kutoka hapo kila swali kuhusu kifo cha Rebecca linajibiwa, lini, vipi, na kwa nini, mpaka kwa daktari aliyemwona siku ya mwisho. Unapofunga kitabu hudai kitu. Lakini jaribu kuuliza: je, Maxim anampenda huyu mke wa pili, au anapenda tu kwamba yeye si Rebecca? Na mke huyu, anayekubali mambo mazito bila kusita, anampenda mtu au anaipenda nafasi aliyoipata? Hata jina lake hatupewi katika kitabu kizima. Nimezungumza na watu watatu waliokisoma, na kila mmoja ana Maxim wake. Hiyo kwangu ni dalili kwamba kazi imefanywa sawasawa.

Nije nyumbani. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, wengi wenu mmeisoma shuleni, na wengine mmeichukia kwa sababu hiyohiyo. Isomeni tena bila mtihani mbele yenu. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa akiwa kigori kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Anakimbia, anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, mjini Zanzibar, na anaangukia katika mapenzi na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na polisi wa mkoloni. Hapa upelelezi umepinduliwa: sisi tunaijua siri, na ni Inspekta Wright na Koplo Matata ndio wasioijua. Tunakaa upande wa mwenye kujificha. Na Yasmin anampenda mwanamume ambaye mara nyingi hajui amelala wapi, anayekuja usiku na kuondoka kabla ya adhana, ambaye moyo wake umeshachukuliwa na jambo kubwa kuliko mwanamke yeyote. Shafi hatuelezi kwa nini anampenda. Anatupa Mwajuma na taarabu, anatupa vichochoro na ule woga wa kugongewa mlango, na mapenzi yanaota humo yenyewe.

Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba Denge wakati mwingine akifungua mdomo hutoka hotuba, na Yasmin hugeuzwa hadhira. Najua wakati ule ulikuwa wa siasa, na najua vijana wa aina yake walizungumza hivyo. Lakini pale anapozungumza sana ndipo ninapomwamini kidogo zaidi, na pale anaponyamaza na kusikiliza nyayo nje ndipo ninapoelewa jinsi mwanamke angeweza kuacha kila kitu kwa ajili yake. Mwisho wa kitabu nauheshimu sana: hatima ya Yasmin haiko pale ambapo kurasa za mwanzo zinatutuma tuitazamie, na hakuna shangazi anayeletwa kutueleza maana yake.

Nimeweka Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed nyuma, riwaya ya mwaka 1972, kwa kuwa hiyo ndiyo ningeichukua kama ningeruhusiwa moja tu. Watu wake wakuu ni watatu: Mwinyi, mzee tajiri anayemtaka msichana mbichi, Idi, kijana anayeitaka mali, na Bahati, anayependa. Wanaume wawili hawa tunawaelewa mpaka ndani ya mifuko yao. Mwandishi anawaanika bila kificho, hila kwa hila, shilingi kwa shilingi, na ungeweza kuwafungulia jalada polisi ukaandika kila walichofanya na sababu yake. Bahati hana jalada. Anampenda Idi akiwa na macho na masikio, si mjinga, na ishara zote ziko mbele yake kama zilivyo mbele yetu. Nimekutana na wasomaji wanaosema kwamba hapo mwandishi ameteleza, kwamba alipaswa kutueleza msichana mwenye akili anaingiaje mtegoni. Mwalimu mmoja aliyeko hapa leo ameshanibishia jambo hilo mara nyingi, naye atapata nafasi yake sasa hivi. Mimi nashikilia kwamba angetuelezea, tungebaki na mtu aliyedanganywa, na kesi za watu waliodanganywa zimejaa mahakamani. Alivyotuachia, tunabaki na mtu aliyependa, na hatuna namna ya kumwamulia.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona chai imeshaletwa. Nakala yangu ya Kiu imechakaa jalada lakini kurasa zote zimo. Nitaiacha hapa mezani pamoja na daftari la kuazima, na aliyeniomba kabla ya mkutano ndiye wa kwanza. Ahsanteni kwa kunisikiliza.